Nishati Ipoteayo Hulipwa na Mkulima na Mfanyakazi

Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila wilaya ya Tanzania Bara. Mtu atakayeishika orodha hiyo na kuipitia toka mwanzo hata mwisho ataona kwamba bei hupanda kadiri mji unavyozidi kuwa mbali na bandari, na kwamba Wilaya ya Kyerwa huwa miongoni mwa zile zenye bei ya juu kabisa katika nchi. Karagwe, ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, haiko nyuma sana. Jambo hili halikutokana na chuki ya mtu ye yote juu ya watu wa Kagera. Ni hesabu ya safari tu. Lori la mafuta huvuka nchi kwa zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kupanda milima ya Kayanga, na kila kilomita ina gharama yake, na gharama hiyo hatimaye humwangukia mnunuzi.

Neno letu leo ni hili: ikiwa kila lita na kila uniti ya umeme hufika Karagwe na Kyerwa kwa gharama kubwa kuliko mahali pengine, basi kila lita na kila uniti inayopotea huko ni hasara kubwa kuliko mahali pengine. Kwa hiyo wilaya hizi mbili, ambazo mara nyingi hutajwa mwishoni katika habari za maendeleo, zafaa ziwe za kwanza katika kuzuia upotevu wa nishati. Na katika kazi hiyo wa kwanza kujirekebisha si mama wa kijijini mwenye taa moja, bali ni ofisi, kiwanda, shule na shirika.

Kabla ya kuendelea yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Kujinyima ni jambo moja, na kutopoteza ni jambo jingine. Taifa letu limekwisha kuonja kujinyima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa haba na fedha za kigeni hazipatikani, magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Mwaka 2006 na mwaka 2011 mvua zilipopungua na mabwawa yakakauka, tuliishi kwa mgawo wa umeme, na mwaka 2023 hatukusalimika. Katika nyakati hizo vinyozi waliketi vibarazani, wachomeaji vyuma wakafunga karakana, na mashine za kusaga zikanyamaza. Huko hatutaki kurudi, wala hatumshauri mtu ye yote akae gizani ili kuokoa senti.

Kutopoteza ni kufanya kazi ile ile, au kubwa zaidi, kwa nishati ndogo zaidi. Ni maharage yale yale kuiva kwa kuni chache, kahawa ile ile kukobolewa kwa umeme mdogo, na nuru ile ile kumwangazia mwanafunzi kwa fedha kidogo. Hapo hapana anayepungukiwa. Japani, nchi isiyo na visima vya mafuta vya kutosha, ilitikiswa na kupanda kwa bei mwaka 1973, nayo ikatunga sheria ya matumizi bora ya nishati mwaka 1979. Viwanda vyake havikufungwa kwa ajili hiyo; vilijifunza kutoa bidhaa nyingi kwa mafuta machache.

Tuanze na umeme. Tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya Kagera imekuwa ikitegemea umeme wa Uganda, unaokuja kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka, na kutoka hapo kusambazwa kwa nyaya za kilovolti 33 hadi Karagwe na Kyerwa. Mwezi Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha Kikagati–Murongo katika Mto Kagera, mpakani mwa Kyerwa na Isingiro ya Uganda. Kituo hicho kina uwezo wa megawati 14, nazo hugawanywa nusu kwa nusu baina ya nchi hizi mbili. Kwa upande wa kusini, Taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mpango wa kuiunganisha Kagera na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Benako hadi Kyaka umekwisha kuanza kutekelezwa.

Wako wasemao kwamba, maadamu Rufiji ina umeme tele, hakuna haja tena ya kuhubiri uangalifu. Wasemao hivyo husahau safari. Umeme hausafiri bure. Sehemu yake hugeuka joto ndani ya waya na kupotelea hewani, na upotevu huo una kanuni kali: mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Mwezi Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia alieleza kwamba upotevu wa umeme unaosafirishwa mpaka Kanda ya Kaskazini unalitia Taifa hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo Serikali ilikuwa na nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda hiyo. Wengi walishangaa kwa nini nchi yenye bwawa kubwa inunue umeme kwa jirani. Watu wa Karagwe na Kyerwa hawakuwa na sababu ya kushangaa, maana wao wamewashiwa taa na jirani kwa muda wa kizazi kizima, kwa sababu Masaka ni karibu kuliko Kidatu na Mtera.

Basi mtu atauliza: mkazi wa Nkwenda au Omurushaka ana uwezo gani juu ya waya wa kilovolti 33? Anao. Nyaya hulemewa zaidi saa za jioni, kati ya saa moja na saa nne, watu wote wanapowasha kwa pamoja. Mzigo wa saa hizo ukipungua kidogo, upotevu hupungua sana, kwa kanuni ile tuliyoitaja. Ghana ilitambua hivyo mwaka 2007. Ilipopatwa na upungufu wa umeme, Serikali yake iligawa bure taa milioni 6 zitumiazo umeme mdogo, na mzigo wa jioni ukapungua kwa takriban megawati 124. Hesabu hiyo ni sawa na karibu vituo tisa vya Kikagati, na hakuna mto uliozibwa wala kijiji kilichohamishwa.

Tulete hesabu hiyo nyumbani kwetu. Taa ya mtindo wa zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9, yenye nuru ya namna ile ile, haifiki uniti moja na nusu. Nyumba yenye taa nne za zamani hutumia uniti 36. Nyumba yenye taa nne za LED hutumia uniti zipatazo 5 na nusu. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mwenye nyumba aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi hapo, kila uniti ya ziada humgharimu shilingi 350. Nusu ya haki yake, basi, huliwa na taa nne mbovu, na uniti nyingine humsukuma katika bei iliyo mara tatu na nusu.

Na liko la ajabu zaidi. Sufuria ya presha inayotumia umeme huivisha chungu cha maharage kwa chini ya uniti moja. Hata tukikadiria uniti nzima kwa kila siku, jumla yake ni 30 kwa mwezi. Ukijumlisha na zile 5 na nusu za taa za LED, unapata hesabu ile ile iliyokuwa ikiliwa na taa nne za zamani peke yake. Maana yake ni kwamba familia iliyobadili taa inaweza kupika maharage kila siku kwa umeme iliokuwa ikiupoteza darini.

Tuje kwenye mashine, na hapa twasema na wafanyakazi wa viwanda na viongozi wa ushirika. Karagwe na Kyerwa ni wilaya za kahawa, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, huzihudumia zote mbili. Kahawa hukobolewa kwa mota kubwa, na mota zina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Mota huvuta umeme zaidi ya ule inaoufanyia kazi. Sehemu huirudisha tena kwenye waya bila kuitumia. Ni kama povu juu ya rubisi: hujaza kibuyu lakini halikati kiu. Hata hivyo waya huubeba umeme huo wote, na mteja mkubwa hutozwa kwa ukubwa wa kibuyu, yaani kwa kipimo cha kVA. Kwa bei zile za mwaka 2016, mteja wa kundi la T2 hulipa shilingi 15,004 kila mwezi kwa kila kVA moja, mbali na bei ya uniti.

Natuchukue mfano wa kiwanda chenye mota zifanyazo kazi ya kilowati 70. Mota zisizorekebishwa zaweza kuvuta kVA 100. Kikifungwa kifaa kiitwacho kapasita, ambacho huzipatia mota povu lao pale pale kiwandani, kipimo chaweza kushuka hadi kVA 74. Tofauti ya kVA 26 ni shilingi 390,104 kwa mwezi, na kahawa iliyokobolewa ni ile ile. Ongeza hapo mikanda iliyolegea, fani zisizotiwa grisi, visu vilivyobutuka, na mashine inayoachwa ikizunguka tupu wakati makuli wanakunywa chai. Kila kimoja ni kidogo, walakini bandu bandu huisha gogo. Na gogo hilo ni la nani? Gharama za kukoboa hukatwa katika bei ya mkulima. Kila uniti inayopotea kiwandani ni kahawa aliyoipalilia mtu wa Mabira au Kaisho na ambayo hatalipwa.

Hivyo hivyo kwa dizeli. Mashine ya kusaga iliyochakaa, jenereta kubwa inayowashwa kwa ajili ya kompyuta mbili, gari la ofisi linalonguruma uani likimngoja bwana mkubwa, na lori linalopanda na mzigo likashuka tupu, vyote hivyo huchoma mafuta yaliyonunuliwa kwa bei ya Kyerwa. Barabara nayo ni sehemu ya hesabu hii. Lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita zipatazo 59, haikuleta raha ya safari tu. Ilipunguza mafuta katika kila gari lipitalo, kwa maana gari linaloyumba katika mashimo kwa gia ya pili huchoma mafuta mengi kuliko lile linalokwenda kwa utulivu. Mwenye kudai barabara nzuri adai pia kwa hoja hiyo.

Lakini upotevu mkubwa kuliko wote haupiti katika mita yo yote. Uko jikoni. Katika wilaya hizi, kama katika nchi nzima, nishati inayotumika zaidi ni kuni na mkaa. Mafiga matatu hupeleka chunguni sehemu kama moja tu ya joto katika kila sehemu saba hadi kumi. Zilizobaki huvuma pembeni, hupanda na moshi, na kumwingia mpishi machoni na kifuani. Mkaa nao hauna nafuu kwa Taifa, ingawa una nafuu kwa mpishi. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo moja hadi mbili za mkaa katika kilo kumi za kuni, na ingawa mkaa una joto karibu mara mbili ya kuni kwa uzito, zaidi ya nusu ya joto la mti hupotelea porini kabla gunia halijafungwa.

Wazee wa Karagwe hawahitaji kuambiwa mwisho wa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja wakikimbia maafa ya Rwanda. Kambi zilijaa Ngara, na nyingine zikafunguliwa Karagwe. Watu wale hawakuwa na kosa. Walihitaji kupika ili waishi. Lakini vilima vilivyozunguka kambi vilinyolewa mpaka vikawa vipara, na akina mama walitembea mbali zaidi kila mwezi kutafuta kuni. Mambo yaliyotokea huko kwa miezi michache ndiyo yatakayotokea kwetu sote kwa miaka mingi, tusipojirekebisha.

Serikali imekwisha kutoa mwongozo. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi jikoni ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu kuanzia mia moja na zaidi kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa, na tarehe zilizowekwa, Januari 2024 na Januari 2025, zimekwisha kupita. Kila mjumbe wa bodi ya shule, kila mkuu wa hospitali, na kila kiongozi wa chuo na kituo ajiulize: jikoni kwetu kunafuka nini? Shule moja yenye wanafunzi mia kadhaa huchoma kuni kwa lori. Jiko lake moja likibadilishwa, faida yake ni kubwa kuliko kuwahutubia wanakijiji juu ya mafiga yao. Tena jambo si kubadili nishati tu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi, na sufuria yenye kifuniko huchemka mapema. Hayo hayahitaji mfadhili.

Wala tusiseme kwamba ujuzi haupo. Karagwe yenyewe imekwisha kuwa darasa. Shirika la MAVUNO na mradi wa CHEMA, pamoja na wahandisi na wanachuo kutoka Berlin, walijaribu katika miaka ya 2010 biogesi itokanayo na mashina ya migomba na majiko yachomayo vumbi la mbao. Katika nchi ya migomba, shina linalooza baada ya mkungu kukatwa ni mafuta yanayootea shambani. Jirani katika Missenyi, Kiwanda cha Sukari cha Kagera huchoma makapi ya miwa na kupata umeme wake. Maganda ya kahawa yanayorundikana nyuma ya viwanda vyetu yafaa kufikiriwa kwa akili hiyo hiyo.

Liko pingamizi moja la haki, nasi hatutalikwepa. Watu husema: “Vifaa bora ni ghali. Mwenye shilingi elfu mbili mfukoni hununua kopo la mkaa, hawezi kununua sufuria ya umeme.” Ni kweli. Maskini hulipa bei ya juu kwa sababu hununua kidogo kidogo, na hana akiba ya kununua kifaa kitakachompunguzia gharama kesho. Kumlaumu mtu huyo kwa ubadhirifu ni kumwonea. Dawa yake si mahubiri; ni mkopo nafuu. Na hapa ndipo ushirika unapopaswa kuonyesha maana yake. Chama cha msingi kinachoweza kumkopesha mkulima pembejeo na kukata deni msimu wa kahawa, chaweza pia kumkopesha jiko na taa kwa njia ile ile. Chama cha akiba na mikopo cha walimu au wauguzi chaweza kufanya vivyo hivyo kwa mshahara. Deni la jiko lina sifa moja njema: hujilipa lenyewe kwa mkaa ambao haukununuliwa.

Shirika la Umeme nalo lina deni kwa wateja wake. Lisawazishe mzigo katika nyaya, likate matawi yanayogusa laini, lisogeze transfoma karibu na watumiaji, na liwafichue wanaojiunganishia umeme kwa wizi. Mwananchi anayehimizwa kubadili taa ana haki ya kuuliza waya unaomfikia unapoteza kiasi gani, naye ajibiwe kwa takwimu.

Kwa maana hiyo twawaomba wanachama na wafanyakazi wa Karagwe na Kyerwa waanze na kazi moja iliyo rahisi na isiyo na gharama: kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ofisi, shule, hospitali na kiwanda kiwe na daftari la uniti, la lita na la kuni za kila mwezi, na hesabu hiyo ibandikwe ukutani mahali wafanyakazi wanapoiona. Mkutano wa mwezi uisome kama unavyosoma mapato na matumizi. Mfanyakazi aliyegundua mota iliyoharibika au bomba linalovuja asikilizwe na kushukuriwa, asiambiwe kwamba anajipendekeza. Na wakubwa wawe wa kwanza kuzima kiyoyozi cha chumba kisicho na mtu, kwa sababu mdogo hufuata nyayo, hafuati waraka.

Hatudai kwamba taa na kapasita zitaishusha bei ya mafuta duniani, au kulisogeza bandari karibu na Murongo. Umbali wa Kyerwa utabaki vile vile. Tunachoweza kukipunguza ni kile tunachokipoteza baada ya mzigo kwisha kufika, na hicho kiko mikononi mwetu wenyewe. Msimu wa kahawa ujao daftari lifunguliwe mashine zikiwa bado baridi, ili utakapofungwa kila mkulima ajue ni shilingi ngapi ziliokolewa na zimekwenda wapi.